Mwenye Pikipiki na Chama Chake

Yako maamuzi ambayo mwanadamu huyafanya kwa kulazimishwa, na yako ayafanyayo kwa hiari yake. Na waandishi wa historia aghalabu huyaandika yale ya kwanza wakayasahau haya ya pili. Kujiunga na chama cha wenye pikipiki ni uamuzi wa hiari, tena mdogo. Hakuna sheria imlazimishayo mwenye pikipiki kujiunga. Asiyejiunga hatozwi faini, wala injini yake haigomi kwa sababu hiyo. Ada ya mwaka hulipwa na atakaye, na asiyetaka huendelea na safari yake. Walakini uamuzi huu mdogo, ulipofanywa na watu wengi katika Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ulizaa matokeo ambayo waliouamua hawakuyatazamia. Viwanda vyenye majina makubwa vilikufa, na vyama vya wanunuzi wao vikabaki hai, vikairithi kazi ya viwanda. Jambo hili lastahili kuchunguzwa, kwa kuwa linagusa swali lililo la zamani kuliko pikipiki yenyewe: mtu awezaye kujitegemea leo ana sababu gani ya kujifunga na wenzake?

Vyama vya kwanza vilizaliwa na dhiki. Mpaka mwaka wa 1896 sheria ya Uingereza ilikitaka chombo chochote kiendacho barabarani kwa nguvu za mtambo kitanguliwe na mtu aendaye kwa miguu. Sheria hiyo ilipoondolewa, chuki ya watu haikuondoka pamoja nayo. Wenye farasi waliuchukia mlio wa injini, wakazi wa vijijini waliichukia vumbi, na mahakimu wengi walikuwa upande wa wenye farasi. Mwaka wa 1903 ikatungwa sheria nyingine, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, ikaleta namba za usajili, leseni za madereva na kikomo cha mwendo cha maili 20 kwa saa. Katika hali hiyo wapandaji wa pikipiki wa London walikuwa wamekwisha kuunda chama mwaka wa 1901, kilichoitwa Motor Cycling Club. Na mwaka wa 1903 kikaundwa Auto-Cycle Club, ambacho mwaka wa 1907 kilibadilisha jina kikawa Auto-Cycle Union.

Kazi ya vyama hivyo ilikuwa wazi. Pikipiki ya wakati ule ilikuwa chombo kisichoaminika. Mikanda yake ilikatika, matairi yake yalipasuka, na aliyetoka asubuhi hakuwa na hakika ya kulala kwake. Vyama vikatengeneza safari za majaribio, kama ile ya London hadi Edinburgh iliyoanza mwaka wa 1904, ambazo sifa yake ilikuwa kufika salama kwa wakati uliowekwa. Na kwa kuwa sheria haikuruhusu mashindano ya mbio katika barabara za Uingereza, mashindano yalipelekwa Kisiwa cha Man, chenye bunge lake chenyewe, ambako TT ya kwanza ilifanywa mwaka wa 1907. Mtu wa zama hizo aliyejiuliza kama ajiunge na chama au asijiunge hakuwa na haja ya kufikiri sana. Aliyekuwa peke yake alikuwa hana wa kumsemea mahakamani, hana wa kumwelekeza njia, wala hana wa kumwazima mkanda.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yalibadilika. Injini zilitengemaa, barabara zikatiwa lami, na ikawezekana mtu kuvuka nchi nzima bila ya kumwita mwenzake hata mara moja. Hapo ndipo alipotokea mpandaji wa namna mpya, aliyeiona pikipiki kuwa ni mlango wa kuwakimbia watu. Mfano mashuhuri wa mtu huyo ni T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kwa habari za vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki. Baada ya vita alijificha katika jeshi la anga chini ya jina jingine, na starehe yake kubwa ikawa kwenda mbio peke yake juu ya pikipiki za Brough Superior. Alikuwa nazo saba kwa zamu, na ya nane ilikuwa imeagizwa alipopata ajali karibu na nyumba yake katika jimbo la Dorset, Mei 1935, akafa siku chache baadaye.

Watetezi wa upweke humtaja Lawrence kuwa ni shahidi wao, na hapana shaka kwamba hakuhitaji chama ili aifurahie njia. Lakini yafaa kutazama kilichokuwa nyuma ya upweke ule. Pikipiki zake zilitoka katika karakana moja ya Nottingham, ambako mwenye kazi, George Brough, alimjua kwa uso na kwa jina. Palipotokea kasoro, palikuwa na mahali pa kuipeleka na mtu wa kuulizwa. Upweke wa Lawrence ulibebwa na kiwanda kilicho hai. Kiwanda hicho kiliacha kuunda pikipiki mwaka wa 1940, baada ya kutoa yapata 3,000 tu, na chama cha wenye Brough Superior kikaanzishwa mwaka wa 1958. Kwa miaka 18 iliyopita katikati, kila mwenye pikipiki hiyo alionja maana ya upweke usio na mtu nyuma yake.

Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ni kile cha Vincent. Mwaka wa 1924 Howard Davies, mshindani hodari wa mbio, alianzisha kampuni ya pikipiki akaipa herufi za jina lake, HRD, na mwaka uliofuata akashinda mashindano makuu ya Kisiwa cha Man akiwa juu ya pikipiki ya kampuni yake mwenyewe. Ushindi haukumwokoa na hasara ya biashara. Mwaka wa 1928 jina la HRD likanunuliwa na kijana Philip Vincent, aliyesoma Cambridge, na ambaye fedha yake ilitoka katika shamba la ng'ombe la jamaa zake huko Argentina. Vincent aliweka kiwanda chake Stevenage, kaskazini ya London, na baadaye akampata mhandisi kutoka Australia, Phil Irving. Wawili hao walibuni injini yao wenyewe mwaka wa 1934, na mwaka wa 1936 wakatoa Rapide, yenye silinda mbili na ukubwa wa cc 998.

Vincent na Irving walikuwa na rai moja juu ya pikipiki: mwenyewe aweze kuitunza bila ya kumtegemea mtu. Katika zile walizounda baada ya vita, magurudumu yalifunguliwa kwa mkono pasipo spana, kwa kuwa ekseli zake zilitiwa vishikio vya kugeuzia, na mnyororo wa nyuma ulikazwa kwa vidole. Mwenye pikipiki hiyo, tairi lake likipasuka usiku katikati ya nyika, aliweza kujihudumia akaendelea na safari. Ilikuwa pikipiki ya mtu asiyetaka kuomba msaada. Mwaka wa 1948 kiwanda kilitoa Black Shadow, iliyoweza kwenda maili 125 kwa saa katika zama ambazo motokaa chache mno ziliweza kuifikia. Septemba ya mwaka huo Mmarekani Rollie Free, akiwa amelala kifudifudi juu ya Vincent na amevaa suruali ya kuogelea tu, alikimbia katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, kwa mwendo wa zaidi ya maili 150 kwa saa.

Mwaka huo huo wa 1948 wenye Vincent walianzisha chama chao. Yafaa kuitazama hali ya mtu aliyeombwa kujiunga wakati ule, kwa maana katika hali yake ndimo ilimo hoja nzima. Petroli ilikuwa bado ya mgao. Mgao wa kawaida wa raia ulikuwa umesimamishwa mwishoni mwa mwaka wa 1947, ukarudishwa Juni 1948 kwa kiasi kidogo, wala biashara ya petroli haikuachiwa huru mpaka Mei 1950. Kwenda kwenye mkutano wa chama kulikuwa ni kuitumia petroli ambayo mtu angaliweza kuitumia kwenda kumwona mama yake. Ada nayo, ijapokuwa ndogo, ilitoka katika mfuko wa mtu aliyekwisha kununua pikipiki ghali. Na kwa upande wa faida, hapakuwa na kitu ambacho chama kilikuwa nacho na kiwanda hakina. Aliyevunjikiwa na kipande aliandika barua Stevenage, na kipande kikaja. Mwenye swali alijibiwa na watu walioibuni injini yenyewe.

Basi mwenye kutia mizani mikononi, akapima fedha, petroli na siku za mapumziko upande mmoja, na faida upande wa pili, angaliona upande wa faida umeinuka juu kama unyoya. Chama kilimpa gazeti, lililopewa jina la MPH, kikampa safari za pamoja, chakula cha pamoja, na mazungumzo ya watu wenye mapenzi mamoja. Mambo hayo ni mema, lakini hayana bei ya kuandikwa katika daftari la hesabu. Walakini wako waliojiunga. Wengine walipenda masikilizano, wengine walipenda kujionyesha, na wengine walikuwa na tabia tu ya kupenda vyama. Haidhaniwi kwamba walikuwa na hekima kuliko wenzao waliokataa. Walifanya jambo jema bila ya kujua wema wake wote, na hivyo ndivyo yanavyofanywa mengi ya mambo mema.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kusita, nayo ni sifa mbaya. Julai 1947 mkusanyiko wa wapandaji katika mji mdogo wa Hollister, California, ulileta fujo, na magazeti yakaivuvumua fujo hiyo hata ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Mwaka wa 1953 ikatokea filamu ya The Wild One, iliyowaonyesha wapandaji wa pikipiki kuwa ni genge la wahuni, na wakaguzi wa Uingereza wakainyima cheti kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka wa 1964 vijana wa pikipiki na vijana wa skuta walipigana Clacton, Brighton na miji mingine ya pwani, na nchi nzima ikashtuka. Mtu mwenye kazi ya heshima aliweza kuona kwamba kuvaa beji ya chama cha pikipiki ni kujitia katika kundi lisilomfaa.

Lakini hofu hiyo, ijapokuwa ilieleweka, haikuwa na faida kwa aliyeishika. Jirani asikiaye injini ikinguruma mlangoni haulizi kama mwenyewe ni mwanachama au siye. Sifa mbaya humwangukia kila aliye juu ya pikipiki, na aliyejitenga huipata sawasawa na mwenziwe, tofauti yao ikiwa kwamba yeye hana njia ya kuijibu. Kasisi William Shergold wa mashariki ya London alilifahamu jambo hili vyema. Mwaka wa 1962 aliwafungulia vijana wa pikipiki mlango wa 59 Club, chama cha vijana kilichoanzishwa mwaka wa 1959 chini ya kanisa, na vijana ambao magazeti yaliwatisha watu kwao wakaja kwa wingi kunywa chai na kucheza. Kilichoisafisha sifa yao kidogo hakikuwa kujitenga kwa watu wema.

Turudi Stevenage. Baada ya vita kiwanda cha Vincent kilitoa pikipiki zipatazo 11,000, na kati ya hizo Black Shadow hazikufika 2,000. Kila moja ilitaka kazi nyingi ya mikono na chuma cha bei. Kadiri miaka ya 1950 ilivyoendelea, watu walitaka chombo rahisi cha kuwapeleka kazini, na aliyepata fedha zaidi alinunua motokaa ndogo ya kuichukua jamaa yake yote. Hasara ikazidi mapato. Katika kiangazi cha mwaka wa 1955 Philip Vincent aliitoa habari hiyo hadharani: kampuni haiwezi kuendelea, na utengenezaji wa pikipiki utakoma karibuni. Mahali alipochagua kuisemea ni katika karamu ya chama cha wenye Vincent. Desemba ya mwaka huo pikipiki ya mwisho ilitoka kiwandani.

Ni vyema kuyafikiri maana ya tendo hilo. Mwenye kiwanda, aliyekuwa na wauzaji, wadai, wafanyakazi na magazeti ya kuambiwa, aliwaambia wanachama. Miaka 7 kabla ya siku hiyo watu hao walikuwa wanunuzi waliotawanyika, kila mmoja na anwani yake. Chama kiliwafanya wawe kitu kimoja kiwezacho kuambiwa habari na kupokea dhamana.

Dhamana yenyewe haikuwaangukia siku ile ile. Mwaka wa 1959 kampuni iliingia mikononi mwa wadai, na kazi yake ikahamia kwa wengine, nao kwa miaka kadhaa wakaendelea kuuza vipuri. Lakini ghala lisilojazwa huisha, na mrithi wa biashara hana mapenzi ya mwanzilishi. Katikati ya miaka ya 1970, vipuri vilipokuwa haba, wanachama walianzisha kampuni yao wenyewe ya vipuri, VOC Spares Company, ili pikipiki za Vincent zisigeuke mapambo ya makumbusho.

Asiyejua kazi ya viwanda huenda akaona hili kuwa jambo jepesi. Kifuniko cha injini, mathalan, huundwa kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu. Kalibu haitengenezwi pasipo mchoro wenye vipimo kamili, kwa maana kosa la upana wa unywele huifanya gia igugune au mafuta yavuje. Gharama ya kalibu ni ile ile, kitoke kifuniko kimoja au vitoke mia mbili. Na mwenye tanuri hakubali kuliwasha kwa ajili ya kimoja. Kwa hiyo kipuri kimoja cha pikipiki iliyokwisha kuachwa na kiwanda chahitaji vitu vitatu kwa pamoja: ujuzi wa vipimo, fedha ya kutangulizwa kabla ya kuuza, na hakika ya kwamba wanunuzi wapo. Tajiri aweza kuwa na fedha akakosa vipimo. Fundi aweza kuwa na vipimo akakosa wanunuzi. Chama kina vyote vitatu, kwa sababu kina michoro iliyohifadhiwa, kina ada zilizokusanywa, na kina orodha ya majina ya wenye pikipiki popote walipo. Orodha hiyo, ambayo katibu wa mwaka wa 1948 aliiandika pengine kwa ajili ya kupelekea gazeti tu, ilikuja kuwa mali kubwa kuliko mitambo ya Stevenage.

Ujuzi nao una habari yake. Michoro hueleza jinsi chombo kilivyokusudiwa kuwa. Haielezi jinsi kinavyochakaa. Ni wale walioiendesha Vincent kwa miaka 20 waliojua ni pete ipi huharibika kwanza, klachi hukosea wapi, na dawa yake ni nini. Ujuzi wa namna hii huandikwa kidogo kidogo katika magazeti ya vyama, na mara nyingine hukusanywa vitabuni, E. M. G. Stevens alikiita kitabu chake cha namna hiyo Know Thy Beast, na wenye Vincent hukifungua kama mganga afunguavyo kitabu cha tiba. Katika miaka ya 2000 kampuni ya vipuri iliweza kuunda Black Shadow nzima kwa vipuri vipya, ikaonyesha kwamba kazi ya kiwanda ilikuwa imehamia kwa wanachama karibu yote.

Kisa cha Vincent hakiko peke yake. Wenye Triumph walianzisha chama mwaka wa 1949, wenye AJS na Matchless mwaka wa 1952, wenye Velocette mwaka wa 1957, wenye BSA mwaka wa 1958, na wenye Norton mwaka wa 1959. Vyote hivi vilizaliwa viwanda vikiwa hai, na hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba pikipiki za Uingereza, zilizouzwa ulimwenguni kote, zingeweza kuondoka. Kisha kampuni iliyozimiliki AJS na Matchless ikaanguka mwaka wa 1966. Mwaka wa 1969 Honda ya Japani ikatoa CB750 yenye silinda nne. Velocette ikafungwa mwaka wa 1971. Na katika miaka michache iliyofuata BSA nayo ikatoweka. Vyama vikasimama mahali pa viwanda, na serikali yenyewe ikaukubali ukweli huo: katika Uingereza, mwenye pikipiki ya zamani iliyopotelewa na hati zake, akitaka kurudishiwa namba yake ya kwanza, hupeleka ushahidi wake kwa chama kinachotambuliwa, kikauchunguza na kuuthibitisha mbele ya idara ya usajili.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba vyama vyote vyenye jina la wenye pikipiki ni vya jamii moja. Kampuni ya Harley-Davidson ya Milwaukee, iliyoanzishwa mwaka wa 1903, iliuzwa kwa kampuni nyingine kubwa mwaka wa 1969, na ubora wa pikipiki zake ukalaumiwa na wengi. Mwaka wa 1981 wakubwa 13 wa kampuni waliinunua tena, na mwaka wa 1983 wakaanzisha Harley Owners Group ili kuwarudisha wanunuzi karibu na kampuni. Jamii hiyo ilikua ikawa na wanachama zaidi ya milioni moja, na hapana shaka kwamba ilisaidia kuiokoa kampuni. Wanachama nao walipata safari, mikutano na udugu. Lakini orodha ya majina iko mikononi mwa kampuni. Ule wa Stevenage ni ushirika wa wanunuzi uliokiokoa chombo baada ya muundaji wake kufa. Huu wa Milwaukee ni mkono wa muundaji ulionyoshwa kwa wanunuzi ili asife. Mtu anayefikiri kujiunga yampasa aulize swali ambalo wengi husahau kuliuliza: kiwanda kikifungwa kesho, chama hiki kitabaki na nini?

Ziko hoja dhidi ya kujiunga, wala si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba vyama vya watunzaji huzaa watawala wa mambo madogo. Mtu aliyetia taa ya kisasa ili aonekane usiku hukuta mzee wa chama akimlaumu kwa kuharibu urithi, na mabishano juu ya rangi ya boliti huchukua jioni nzima. Ya pili ni kwamba vyama hivi vinazeeka pamoja na wanachama wake, na kijana aingiapo humo huona amekuja katika baraza la kumbukumbu. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba matunda ya chama huwafikia hata wasiopanda. Ikiwa kipuri kinapatikana kwa mwenye fedha, na ujuzi umekwisha kuandikwa vitabuni, mtu ana haja gani ya kulipa ada na kuketi mikutanoni?

Mbili za kwanza zajibika kwa urahisi, kwa kuwa ni kasoro za watu, na watu hubadilishwa na watu. Baraza la wazee litaendelea kuwa la wazee madhali vijana wanakaa nje wakililaumu. Hoja ya tatu haijibiki kwa hesabu, na ni afadhali kukiri hivyo. Mwenye kuhesabu faida yake peke yake, ya mwaka huu peke yake, ataona ni heri akae nje. Lakini hesabu hiyo hiyo, ikiwa wote wangaliifuata mwaka wa 1948, ingalimfikisha mtu wa leo mahali pasipo kipuri, pasipo kitabu, wala pasipo mtu wa kuulizwa. Asiyejiunga leo anakula akiba ya watu waliojiunga wakati ambao kujiunga hakukuwa na faida. Mla mbegu hana shamba.

Si kusema kwamba kila mwenye pikipiki ana wajibu wa kuwa mwanachama. Aliyenunua chombo kwa ajili ya kazi, atakayekiuza baada ya miaka miwili na kununua kingine, hana deni kwa chama cha wapenzi wa chombo hicho, na dukani patamtosha. Wala anayeona raha ya upweke hana dhambi. Aweza kulipa ada yake akaenda peke yake mwaka mzima. Lakini yule akusudiaye kukaa na chombo chake maisha yake yote, na kumwachia mwingine baada yake, hafanyi uamuzi wa starehe. Anaamua kama chombo kile kitakuwa na wenyewe siku muundaji wake atakapokuwa hayupo, na siku hiyo humjia kila muundaji.

Wala haitoshi kungoja mpaka haja ije. Chama kinachoundwa baada ya msiba huanza kwa kuokota vilivyovunjika: majina yamesahauliwa, michoro imeuzwa pamoja na makaratasi ya takataka, na mafundi wamekwenda makaburini na ujuzi wao. Wanachama waliokuwa karamuni mwaka wa 1955 walipata habari chungu, lakini waliipata wakiwa wameketi pamoja. Kiwanda kilikuwa kinakufa, na mpishi alikuwa bado anaandaa meza. Hawakuwa na haja ya kuitana ili waulizane la kufanya, kwa maana walikuwa wamekwisha kuitana miaka 7 kabla, siku ambayo hawakuwa na haja yoyote.